Kitabu cha Ndugu Wawili: Tukichome Moto au Tukisome?



Wapendwa wasomaji wetu wa kila juma, ninyi mlio hapa Baray na ninyi mlio mbali mnaotukumbuka,

Majuma mawili yaliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu alitusubiri mlangoni pa sakristia. Mkononi alikuwa na kitabu, naye alikishika kwa ncha za vidole kama mtu anayemwondoa njiani nyoka aliyekufa. Alikuwa amekikuta chini ya godoro la mwanawe aliye kidato cha tatu. Juu ya jalada amechorwa kijana mwenye mkono wa chuma, na nyuma yake limesimama jitu la chuma tupu. Kurasa za ndani zina miduara ya chaki iliyojaa alama asizozielewa. "Baba Paroko," alituambia, "hiki ni kitabu cha wachawi. Kiombee kwanza, halafu nikichome moto."

Tulimwomba atuachie kitabu hicho kwa muda, kwa maana si haki kuhukumu tusichokisoma. Tumekisoma. Vitabu vingine vya mfululizo huo tuliazimwa na vijana wa kwaya, na vilivyokosekana tulivisoma kwa taabu katika simu ya mmoja wao. Leo tunatoa jibu mbele ya wote, kwa sababu swali la mama huyu limekwisha kuwa swali la familia nyingi.

Hadithi yenyewe

Kitabu hicho ni sehemu ya Fullmetal Alchemist, hadithi ya picha kutoka Japani, ya aina ile ambayo Wajapani huiita manga. Mtunzi na mchoraji wake ni Hiromu Arakawa, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1973 na kukulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Anapojichora mwenyewe, hujichora kama ng'ombe aliyevaa miwani, jambo lililowafurahisha mno vijana wetu wa jamii za wafugaji. Hadithi ilitoka katika gazeti la kila mwezi tangu mwaka 2001 hadi 2010, ikakusanywa katika vitabu 27.

Wahusika wakuu ni ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric. Wangali wadogo, mama yao alifariki. Nao walikuwa wamejifunza alkemia, yaani ile elimu ya kale ya kubadili kitu kimoja kiwe kingine. Basi wakathubutu kumrudisha mama yao. Walikusanya vyote ambavyo mwili wa mtu mzima umeundwa kwavyo: maji lita 35, kaboni kilo 20, chokaa, chumvi, fosforasi na chuma kidogo. Vitu hivyo, asema Edward, hata mtoto aweza kuvinunua sokoni kwa fedha yake ndogo ya matumizi. Lakini mama hakurudi. Kilichotokea ni kiumbe cha kutisha kisichofanana na mtu. Edward alipoteza mguu, na mdogo wake akapoteza mwili wote. Ili asimpoteze kabisa, Edward akatoa na mkono wake wa kulia, akaifunga roho ya Alphonse ndani ya vazi tupu la chuma la vita.

Tangu hapo wanazunguka nchi wakitafuta jiwe la ajabu, liitwalo jiwe la wanafalsafa, lenye nguvu ya kuwarudishia miili yao. Hatimaye wanagundua siri yake: jiwe hilo hutengenezwa kwa uhai wa watu. Nao wanakataa kuirudisha miili yao kwa bei hiyo.

Waliyosema wasomaji

Tuliwauliza vijana na wazazi wameonaje, nao wakatujibu bila kuficha.

Mzee mmoja, aliyetazama picha tu, alisema kwamba roho iliyofungwa ndani ya chuma ni jini. Mjukuu wake akamjibu, "Hapana, babu, ni msukule kinyumenyume: msukule ana mwili bila roho, huyu ana roho bila mwili." Tulicheka sote, lakini kijana yule alikuwa ameielewa hadithi kuliko babu yake.

Katekista wetu alikwazika na sura za mwanzo, ambamo kuna kuhani wa uongo aitwaye Cornello. Huyu huwadanganya watu wa mji wake kwa miujiza ya hila, naye humwahidi msichana aliyefiwa na mpenzi wake kwamba marehemu atafufuka. Katekista aliona kwamba sehemu hiyo inawadhihaki watumishi wa dini. Sisi hatukuiona hivyo. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatusimulia habari za Simoni mchawi aliyetaka kununua kwa fedha uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu. Maandiko hayakuona aibu kuiandika habari hiyo. Nasi tuliposoma habari za Cornello tulijiuliza kama tumepata kumpa mfiwa maneno matamu kuliko ukweli. Swali hilo lilitufaa.

Kijana mwingine, mkulima wa vitunguu, alishikwa na ile sheria ambayo wanaalkemia wa hadithi wanaitii: ili upate kitu, hapana budi utoe kitu chenye thamani ileile. Alitikisa kichwa akasema, "Baba, sheria hiyo huku kwetu haijafika. Sisi tunatoa lumbesa, tunalipwa gunia." Anayejua bonde hili la Ziwa Eyasi hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Lakini sheria hiyo haikuwa ngeni kabisa. Mhunzi wa Kidatoga huyeyusha makufuli mabovu na vipande vya shaba akafua bangili, hufua misumari ikawa vichwa vya mishale. Mhadzabe huichukua mishale na kumletea asali. Chuma kimebadilika, mali imebadilishana mikono, na hakuna aliyemwita mwenzake mchawi.

Je, alkemia ni uchawi?

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, nalo ndilo mama wa neno kemia, somo ambalo watoto wetu hufanyia mtihani. Mtakatifu Alberto Mkuu, Mdominiko aliyefariki mwaka 1280 na kutangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1931, aliandika kitabu kizima juu ya madini, na madai ya wanaalkemia aliyapima humo kama mtu wa elimu. Mwaka 1317 Papa Yohane XXII alitoa amri dhidi ya wanaalkemia. Kosa alilowashtaki nalo ni udanganyifu, yaani kuuza kama dhahabu kitu ambacho si dhahabu. Basi miduara ya chaki haikututia hofu. Hakuna kijana atakayechora duara katika udongo wa Baray akapata hata punje ya dhahabu, na vijana wenyewe wanalijua hilo.

Hata hivyo tusikisifu kitabu kupita kiasi. Edward asema waziwazi kwamba yeye hamwamini Mungu, na wapo vijana wanaompenda kwa sababu hiyo. Mzazi na katekista wakae nao wazungumze juu ya jambo hilo, kulinyamazia hakutasaidia. Tena mtunzi amewapa maadui saba majina ya mizizi saba ya dhambi: kiburi, uchoyo, zinaa, hasira, ulafi, wivu na uvivu. Vijana ambao kwa miaka mitatu walishindwa kuikariri katika mafundisho ya Kipaimara, sasa wanaitaja yote bila kukosea. Tumelipokea hilo kwa unyenyekevu.

Binti aliyegeuzwa

Lakini ipo sehemu moja ambayo kila msomaji tuliyemuuliza aliitaja, na wengi waliitaja kwa sauti ya chini. Ni habari ya mtoto aitwaye Nina.

Nina ni binti mdogo mchangamfu, anayecheza na mbwa wake katika nyumba kubwa. Baba yake, Shou Tucker, ni mwanaalkemia aliyeajiriwa na serikali, naye yu karibu kupoteza kibali chake iwapo mwaka huo hataonyesha kazi mpya. Basi siku moja anaonyesha mnyama anayeweza kusema. Edward anamsikiliza mnyama yule akimwita kaka, ndipo anapotambua: baba amemchanganya binti yake na mbwa, ili asipoteze cheo na mshahara. Tena miaka miwili kabla alikuwa amemfanyia mkewe vivyo hivyo.

Msichana mmoja wa kwaya alituambia kwamba alipofika hapo alikifunga kitabu, asikifungue kwa siku nne. Kijana mwingine alisema kuwa katika vitabu vyote 27 wamo waliomwaga damu nyingi zaidi, lakini hakuna aliyemchukia kama baba yule. Tulipomuuliza sababu alifikiri kidogo, akasema, "Kwa sababu mtoto alimwamini."

Wapendwa wasomaji, hapo ndipo tulipoliona jibu la kumpa mama yetu.

Ni wapi hasa ambapo uhai wa mtu hugeuzwa kuwa mali? Tusiende Japani. Tangu mwaka 2006 hivi nchi yetu imesikia habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu mtu fulani aliambiwa na mpiga ramli kwamba mkono au mguu wao utamletea dhahabu machimboni, samaki ziwani, au kura katika uchaguzi. Ripoti ya mwaka 2009 ya Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu ilitaja dola 75,000 kuwa bei ya viungo vyote vya mtu mmoja. Januari ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni kwa ajili ya mauaji hayo, na mwezi Septemba mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo mwishoni mwa Mei 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili alichukuliwa kutoka kwao, na mwili wake ulipatikana mwezi Juni ukiwa umekatwa viungo. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani kwa shtaka la kumuua walikuwemo baba yake mzazi na padre mmoja.

Hatia ya mtu huamuliwa na mahakama, wala si kazi yetu kuitamka hapa. Lakini sisi tuvaao mavazi yaleyale ya altareni hatuwezi kuisoma habari hiyo kama habari za watu wengine. Usiku tulipoisikia tulikosa maneno ya kusali. Na tuliposoma habari za Nina, miaka baadaye, tuliyakumbuka majina ya watoto wa parokia hii mmoja mmoja.

Basi huu ndio msimamo wetu. Tunakiogopa kitabu chenye duara la chaki, na huku ndagu, kama waiitavyo watu wa Kanda ya Ziwa, tunaizungumza kwa mzaha vilabuni na sokoni: fulani katajirika haraka, bila shaka katoa mtu. Tunasema, tunacheka, tunaendelea na safari. Kila tusemapo hivyo, twamfundisha kijana anayetusikiliza kwamba damu ya mtu kweli yaweza kugeuka fedha. Kitabu kile kinamfundisha kinyume. Kinamwonyesha jiwe la nguvu, halafu kinamwonyesha waliomo ndani yake, mpaka atamani kulitupa. Msichana aliyekifunga kitabu kwa siku nne, siku atakayosikia mtu akinong'ona juu ya mtoto mwenye ualbino, hatacheka. Ataikumbuka sauti ya Nina. Mahubiri yetu mangapi yamemfanyia hivyo?

Nanyi vijana, tunalo neno kwenu. Hasira yenu juu ya Tucker ni njema, lakini ni rahisi kumchukia mtu wa karatasi. Mtoto mwenye ualbino anayeketi nyuma darasani kwa sababu haoni ubao vizuri, ni nani kati yenu amempisha mbele? Anayechelewa kurudi nyumbani jioni, ni nani humsindikiza? Anza hapo.

Mwishoni mwa hadithi ndugu wale wanaikosoa hata ile sheria yao ya kubadilishana sawa kwa sawa. Wanapatana kwamba mtu akipokea kumi, aongeze moja lake mwenyewe, arudishe kumi na moja. Muweka hazina wetu alipenda sana hesabu hiyo, akidhani inahusu zaka! Sisi tuliona jambo la ndani zaidi: mtu hana bei, na ndugu hupendwa bila mizani. Yuda alihesabiwa vipande 30 vya fedha, akavipokea vyote kamili bila kupunjwa hata kimoja, na bado akajua kwamba amepata hasara.

Mama yetu tulimrudishia kitabu chake bila kukichoma. Tulimwomba akae na mwanawe, amsomee sura ile ya Nina na kumfafanulia kwa lugha ya nyumbani. Alhamisi alipita parokiani akielekea shambani. Hakutaja wachawi tena. Aliuliza swali moja tu: "Baba, yule mwanamume alikuwa na njaa?" Tukamjibu kwamba hapana, alikuwa na nyumba kubwa na chakula, ila aliogopa kupoteza kazi. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi wapo hata huku," akajitwika jembe lake akaenda.

Tunawatakia tafakari njema. Mungu awabariki, awalinde watoto wetu wote.

Wenu katika Kristo,
Paroko, Baray