Mtama wa bibi nao uliboreshwa

Jaribu kusema mbele za watu kwamba mtama unahitaji mbegu bora, uone utakavyojibiwa. Utaambiwa mtama ni zao la asili, Mungu aliliumba likiwa kamili, mababu walilila wakaishi miaka mingi, na kila anayekuja na mbegu mpya amekuja kutuharibia. Maneno haya yanasemwa vijiweni na yanasambazwa kwenye simu kwa sauti za watu tusiowajua. Hata wasomi wa mjini, wanaonunua unga wa mtama kwa bei ya juu kwa kuogopa kisukari, wanayarudia kwa kujiamini kabisa. Mimi nayapinga. Nayapinga kwanza kwa kuwa si kweli, na pili kwa kuwa yanamnyima mkulima wa Dodoma, Singida na Shinyanga haki ambayo mkulima wa mahindi anapewa hata kabla hajaomba.

Anayetaka kuuona mtama ambao haujaguswa na mtu, aende kuutafuta mtama mwitu. Bado upo, unaota pembezoni mwa mashamba na kwenye mabonde ya Afrika. Ni nyasi ndefu yenye suke jembamba na punje ndogo zilizofungwa ndani ya maganda magumu. Likikomaa tu, suke hupukutika. Upepo ukipita, mbegu ziko chini. Kwa mmea hiyo ni akili, maana ndivyo unavyojipanda wenyewe, lakini ukitaka kulisha watoto kwa nyasi hiyo utashinda umeinama ukiokota punje mavumbini.

Mtama tunaoulima ulitoka huko. Mashariki mwa Sudan, katika eneo la Kassala, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vipande vya vyungu vilivyofinyangwa kwa udongo uliochanganywa na makapi ya mtama. Alama za makapi hayo zilibaki ndani ya udongo kwa zaidi ya miaka 5,000, na walipozichunguza waliona mtama ambao tayari ulikuwa umeanza kuacha tabia ya kupukutika. Watu walikuwa wameshaanza kazi. Mwaka baada ya mwaka walivuna yale masuke yaliyoshika punje zake, wakayapanda, na watoto wao wakafanya vivyo hivyo. Hawakuacha hata jina moja, lakini kazi waliyoifanya ni uboreshaji wa vinasaba kwa maana yake kamili, na ni mkubwa kuliko wowote uliofanywa baada yao.

Kazi hiyo haikuishia Sudan. Mtama ulipofika Afrika Magharibi kwenye mvua nyingi, wakulima walichagua wenye suke lililotawanyika, ili maji yachuruzike na punje zisiote ukungu. Penye ukame, kama sehemu nyingi za Ethiopia na Sudan, walipenda suke lililoshikamana kama ngumi. Wataalamu wanautenga mtama unaolimwa duniani katika makundi makuu matano, na yote chimbuko lake ni mikono ya wakulima. Kwetu bibi alipita shambani kabla ya mavuno kuanza, akayatazama masuke, akayakata yaliyomridhisha na kuyatundika juu ya meko ili moshi uyalinde na wadudu. Hakuchukua ovyo. Alijua lipi limetoka kwenye bua lililostahimili jua la Februari na lipi limependeza kwa sababu tu limeota karibu na zizi. Anayesema mtama wa bibi ulikuwa wa asili usioguswa anamfuta bibi huyo kwenye historia, kana kwamba maisha yake yote alikuwa akiokota tu alichokikuta.

Sasa nije kwenye hofu inayosambaa kuliko zote, kwamba mbegu ya wataalamu ni mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara. Mbegu za mtama zilizoidhinishwa kwa wakulima wa Tanzania, kama Tegemeo, Pato, Macia, Wahi na Hakika, zote zimepatikana kwa kuoanisha mtama na mtama na kuchagua watoto wake. Kazi yenyewe ni ya mkono na inachosha macho. Ua moja la mtama lina viungo vya kiume na vya kike, na kwa sehemu kubwa mtama hujichavusha wenyewe. Maua huanza kufunguka juu ya suke na kushuka chini kwa siku kadhaa. Mtafiti anayetaka kuoanisha aina mbili huwahi maua kabla hayajafunguka, anachukua kibano chenye ncha nyembamba, anafungua kiua kimoja kimoja na kutoa vifuko vitatu vya chavua bila kuumiza sehemu ya kike. Kisha analivika suke mfuko wa karatasi. Maua yakiwa tayari anarudi na chavua ya baba aliyemchagua, anaikung'utia hapo, anafunga tena mfuko na kuandika tarehe juu yake. Baada ya hapo ni kupanda, kung'oa wasiofaa na kupanda tena, vizazi sita, saba au zaidi. Bibi naye alichagua hivyo hivyo, ila hakuwa na kibano wala mfuko wa karatasi, na hakuweza kumleta baba kutoka nchi ya mbali.

Kumleta baba kutoka mbali kunaweza kuokoa kijiji. Tazama kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mazao. Mkulima wa mtama akiona maua yale ya zambarau au mekundu yamejitokeza chini ya mabua yake anajua msimu umeharibika, kwa kuwa kiduha kimeshajishikiza kwenye mizizi na kunyonya tangu kikiwa ardhini. Mmea mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kukaa udongoni hata miaka 20 zikisubiri. Zinasubiri nini? Mzizi wa mtama ukikosa fosforasi hutoa kemikali fulani kuwaita kuvu wa udongoni ambao huusaidia kupata chakula. Kiduha kimejifunza kuusikia mwito huo. Mbegu yake hulala hadi mzizi uite jirani, ndipo inapoamka.

Aliyeufuatilia mwito huo kuliko wengi ni Gebisa Ejeta, mtoto wa kijijini Ethiopia aliyezaliwa mwaka 1950 na kuwa mtafiti wa mtama katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Kabla ya hapo alikuwa ameipatia Sudan mtama chotara uitwao Hageen Dura-1, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Yeye na wenzake walitafuta mtama ambao mizizi yake haikiamshi kiduha. Waliupata ndani ya ukoo wa mtama wenyewe. Baadaye ikaonekana kwamba tabia hiyo inatokana na jeni moja lililopungukiwa: mzizi unabadili aina ya kemikali unayotoa, na kiduha kinabaki usingizini. Mabadiliko ya jeni hilo hilo yamekutwa kwenye mbegu za kienyeji za maeneo ya Afrika ambako kiduha kimekuwa kikisumbua kwa karne nyingi. Wakulima wa huko walikuwa wameshaichagua dawa bila kuiona. Kutokana na kazi ya Ejeta, Tanzania iliidhinisha Wahi na Hakika mwaka 2002. Namuuliza anayehubiri kwamba mbegu mpya ni adui: mama wa kijiji kilichojaa kiduha, ambaye mbegu ya kwao haina kinga hiyo, umwambie aendelee kupanda ile ile mpaka lini? Kinga imetoka kwa wakulima wenzake, Waafrika wenzake. Kuikataa kwa jina la asili ni kumnyima urithi wake.

Na urithi wetu wengine hawakusita kuuchukua. Mwaka 1954 huko Texas, watafiti wawili walichanganya mitama miwili yenye asili ya Afrika, wakapata mmea usiotoa chavua hai, yaani unaoweza kuoanishwa bila kibano, na hapo ndipo biashara nzima ya mtama chotara wa Marekani ilipoanzia. Mtama wa Ethiopia ndio uliotoa tabia ya kubaki na majani mabichi ukame unapobana mwishoni mwa msimu, tabia ambayo wakulima wa Australia wanaifaidi leo. Huko Patancheru, India, benki ya mbegu ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, imehifadhi zaidi ya sampuli 40,000 za mtama, na nyingi zimetoka kwenye mashamba ya bara hili. Dunia inaingia ghalani mwetu kuchukua, sisi tumekaa mlangoni tunaambiana kwamba vilivyomo humo havifai kuguswa.

Wenye imani hii wana malalamiko ambayo ni ya kweli, nami siyafichi. Mbegu nyingi zililetwa na watu ambao hawakuwahi kuulizia jikoni. Mfano ni Serena, iliyotengenezwa katika kituo cha Serere, Uganda, kwa kuoanisha mtama kutoka Swazi na mtama wa magharibi mwa Kenya uitwao Dobbs. Iliwahi kukomaa, ilizaa, na ndege hawakuipenda kwa ukakasi wake. Walaji nao hawakuupenda ukakasi huo. Ugali wake ni mwekundu, na wengi waliishia kuipikia pombe. Mbegu nyingine zilikuwa na punje laini: ukizitia kinuni zinapondeka pamoja na pumba badala ya kukobolewa, na ukiziweka kwenye kihenge fukusi wanazimaliza kabla ya msimu mwingine. Mama wa Kigogo anayelima mbegu ya kienyeji ya Langalanga au Lugugu anajua kwa nini haiachi. Punje yake ni ngumu, unga wake unashika, ugali wake unakaa vizuri na mlenda, na bua lake refu linatengeneza uzio na kulisha ng'ombe. Mtaalamu aliyefika na mtama mfupi akihesabu magunia tu alistahili kukataliwa.

Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Mbegu ilichaguliwa kwa vigezo vya mtu mwingine, hilo ndilo kosa, na dawa yake ni mama huyo kuwamo katika kuchagua tangu mwanzo. Macia ilipokelewa vizuri zaidi kwa sababu iliyo wazi: ni nyeupe, haina ukakasi, inafaa ugali. Ilichaguliwa katika mpango wa pamoja wa nchi za kusini mwa Afrika uliokuwa Matopos, Zimbabwe, ikaidhinishwa Msumbiji mwaka 1989 na kwetu mwaka 1999. Nayo ina adha yake. Mtama mweupe unaowahi kuiva peke yake kijijini unawaita kwelea kwelea wote wa wilaya, na familia inashinda shambani alfajiri hadi jioni ikiamia ndege kwa teo na madebe, watoto wakikosa shule. Tatizo hilo linajulikana na linaweza kufanyiwa utafiti, tena linadai utafiti zaidi. Kurudi nyuma hakumfukuzi ndege hata mmoja.

Kuna pia uongo wa kwamba ukishika mbegu ya kisasa umejifunga kuinunua kila mwaka. Kwa mbegu chotara ni kweli, maana watoto wake hawafanani na wazazi. Kwa Macia, Pato, Wahi na Hakika si kweli, kwa kuwa si chotara. Mkulima anaweza kuchagua masuke katikati ya shamba, mbali na mtama wa jirani, akayakausha na kuyapanda tena kwa misimu kadhaa. Mtama unajichavusha kwa sehemu kubwa, ila si wote, ndiyo maana umbali kutoka kwa jirani una maana. Wakulima wamepewa hata njia ya kuzalisha na kuuziana wenyewe mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, chini ya ukaguzi wa Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI. Anayeogopa kumilikiwa na kampuni angewafundisha watu haya, badala ya kuwatisha.

Kinachoniuma zaidi ni namna imani hii inavyowafaa wanaogawa fedha. Mkisema mtama ni zao la asili linalojiotea, halihitaji mtu, mmewapa sababu ya kutolitengea chochote. Ingia duka la pembejeo katika mji wowote wa Kanda ya Kati uulize mbegu. Utaonyeshwa pakiti za mahindi za kila rangi, katika mikoa ambayo mahindi hunyauka mara kwa mara kabla ya kubeba. Ukiuliza mtama, muuzaji ataanza kutafuta chini ya meza. Wastani wa mavuno ya mtama nchini unazunguka tani moja kwa hekta, wakati kwenye shamba lililotunzwa mbegu nzuri hutoa tatu na zaidi. Pengo hilo linasababishwa na mengi, udongo na palizi vikiwemo, lakini mbegu ni mojawapo, na ndiyo iliyo rahisi kumfikia mtu mwenye ekari mbili na jembe la mkono.

Tuna vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, huko Ilonga na Hombolo. Kabla mbegu yoyote mpya haijaidhinishwa, wanawake wa vijijini waitwange, waipepete, wasonge ugali wake na kuihifadhi kwenye vihenge vyao hadi msimu unaofuata, na neno lao liwe na uzito sawa na hesabu ya magunia. Langalanga na ndugu zake watolewe kwenye makabati ya hifadhi, waoanishwe na mitama yenye kinga ya kiduha, ili punje ile ngumu ipate mzizi usiokiamsha. Fedha za kuwalipa wenye vibano kwa vizazi hivyo saba zitengwe sasa, kwa kuwa suke litakalooanishwa msimu huu litamfikia mkulima baada ya miaka kama 10.