Gesi Iko Njiani, Lakini Moto wa Kuni Tuupime Leo

Ukiwasikiliza viongozi wetu wakizungumzia mapishi safi, utadhani kuni zimebakisha miezi michache zipelekwe makumbusho. Mei 2024 kulifanyika mkutano mkubwa mjini Paris kuhusu mapishi safi barani Afrika. Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alikuwa miongoni mwa wenyeviti wenza, na ahadi za dola bilioni 2.2 zikatolewa. Kenya nayo imejiwekea lengo la kumfikishia kila mwananchi nishati safi ya kupikia ifikapo 2028. Hapa kwetu, Februari 2023, Rais William Ruto aliweka jiwe la msingi la mradi wa ghala la gesi la kampuni ya Taifa Gas pale Dongo Kundu. Kodi ya VAT iliyorudishwa kwenye gesi Julai 2021 kwa asilimia 16, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, iliondolewa Julai 2023.

Yote hayo ni mema, na mimi si adui wa gesi. Nyumbani kwangu mtungi upo. Lakini sensa ya 2019 ilituambia kwamba asilimia 55 ya nyumba za Kenya zilikuwa zikitegemea kuni kama nishati yao kuu ya kupikia, ilhali zilizotegemea gesi zilikuwa asilimia 24 hivi. Gesi nyingi ya nchi hii huingilia kwenye bandari yetu ya Mombasa. Inatupita mbele ya macho ikielekea bara, na kule Ganze, Kinango na Tana Delta mama bado anachochea kuni kwenye mafiga matatu.

Kwa hivyo swali langu kwa watunga sera ni jepesi. Kati ya leo na siku hiyo gesi itakapofika kwa kila mtu, huyu anayepika kwa kuni tumempangia nini?

Nataka nilizungumzie kundi moja ambalo halitajwi kabisa katika hotuba hizi, nalo ni watu wa tanuri. Nina maana ya waoka boflo na mikate ya mofa, wanaopika halwa kwenye masufuria makubwa, na wapishi wa shule za bweni. Hawa hawapiki kwa mtungi wa kilo 6. Kuwaambia wahamie gesi ni kuwaambia wabomoe tanuri, wanunue jingine, kisha wapandishe bei ya mkate ili walipe deni. Na wewe na mimi tunajua mkate ukipanda bei mwezi wa Ramadhani, anayeumia ni nani.

Ukikaa nao, malalamiko yao ni yale yale. Kuni zimekuwa ghali, lori halileti mzigo kama zamani, na nyingi zinafika mbichi. Tangu marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, iliyowaumiza hata wakataji mikoko wa Lamu, biashara ya kuni imekuwa ya wasiwasi. Leo unapata, kesho msituni kumefungwa. Mwenye tanuri hawezi kupanga bei ya kuni wala siasa ya msitu. Kitu kimoja tu kiko mkononi mwake, nacho ni kiasi cha kuni anachokitia motoni. Na hicho, kwa wengi, hukitia kwa kukisia.

Sisemi hivi kwa dharau. Fundi wa tanuri ana elimu ambayo haikuandikwa popote. Hurusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri, ukigeuka mweusi papo hapo anajua ni mapema, ukipata rangi ya dhahabu anajua wakati umefika. Mkono wake ni kipimo. Lakini mkono unaingia mlangoni tu, hauwezi kuingia ndani ya ukuta, na tanuri la udongo au matofali huweka joto lake ukutani. Moto unaweza kuwa umeanza kulala, huku ukuta bado unaendelea kupanda joto. Fundi akiona ndimi za moto zimepungua, anaongeza kuni mbili tatu ambazo hazikuhitajika. Fanya hivyo kila alfajiri, siku 30 za mwezi, kisha uhesabu.

Hapa ndipo ninapotaka kuwapa habari ya kitu kidogo. Mwaka jana mimi na mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayependa kufungua redio za watu, tulitengeneza kipimajoto cha dijitali cha tanuri la kuni. Vifaa vyote tulivinunua madukani na mtandaoni, na jumla yake haikufika shilingi elfu tatu. Nitaeleza kinavyofanya kazi, kwa sababu nataka msomaji aone kwamba jambo hili halihitaji mzungu wala digrii.

Moyo wake ni waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Ncha hiyo ikipata joto, huzaa umeme mdogo sana, na joto likizidi umeme nao huzidi. Mwanasayansi wa Kijerumani Thomas Seebeck aliligundua jambo hili mnamo 1821, kwa hivyo si maajabu mapya. Waya zinazouzwa sana ni za aina ya K, na huhimili joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Umeme wake ni kama sehemu 41 za milioni moja ya volti kwa kila nyuzi moja, kiasi kidogo mno. Ndiyo maana inahitajika chipu ndogo iitwayo MAX6675, ambayo huusoma umeme huo na kuugeuza kuwa tarakimu, kwa hatua za robo nyuzi, mpaka nyuzi 1,024. Tarakimu hizo huenda kwenye kibao cha kompyuta ndogo kama Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, au ESP32, ambayo inaweza pia kuzituma kwenye simu kwa waifai. Kioo kidogo kinaonyesha namba, na chaja ya simu inatosha kuendesha kila kitu. Programu zake ziko bure kwenye intaneti.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, usinunue vile vipima vya bei rahisi vya kupimia joto la chumba au maji. Vingi vyao mwisho wao ni nyuzi 125 au 150, na ukivitia kwenye tanuri utanusa plastiki. Pili, kibao na chipu vikae mbali na joto, ni ile ncha ya chuma pekee inayoingia ndani. Tatu, kikague kabla ya kukiamini. Tia ncha kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka, isome karibu na 0. Kisha itie kwenye maji yanayochemka, isome karibu na 100. Hapa sisi wa pwani tuna bahati, maana tuko usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwa nyuzi 100 kamili. Mtu wa Nairobi, kwa ule mwinuko wake, yake huchemka kwenye 94 au 95.

Kijana alitia ncha moja kwenye ukuta wa tanuri, karibu na sakafu inayokaa mikate, na ya pili kwenye dohani. Mwenye tanuri, mzee wa heshima mtaani kwetu, alikitazama kile kioo akacheka. "Mwanangu," akamwambia, "mimi moto nausikia kwa mkono tangu babako hajazaliwa." Kijana akamjibu kwa adabu, "Ni kweli, babu. Hiki kitakuwa shahidi wa mkono wako tu." Jibu hilo ndilo lililotufungulia mlango.

Kile kioo kilionyesha mambo mawili. La kwanza ni lile la ukuta. Mkate wa boflo unataka nyuzi 220 au 230 hivi, na tanuri lilikuwa likifika huko mapema kuliko ilivyodhaniwa, kisha likaendelea kupanda, halafu watu wakakaa kusubiri lipoe ndipo waoke. Yaani kuni zilichomwa ili kupasha joto ambalo baadaye lilisubiriwa liondoke. La pili lilikuwa la kuni mbichi. Siku zilipotiwa kuni zilizoloa, joto la dohani lilikaa chini kwa muda mrefu na moshi ukawa mzito.

Jambo hili la pili lina maelezo yake. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji, ilhali kuni nzuri zinatakiwa ziwe na maji chini ya asilimia 20. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto la zaidi ya nusu uniti ya stima. Sote tunanunua tokeni, tunajua nusu uniti ni nini. Unaponunua kuni mbichi, unalipa pesa ya kuni kwa kununua maji, kisha unachoma kuni nyingine ili kuyafukuza maji hayo. Tena moshi mzito ni kuni ambayo haijaungua. Gesi zinazotoka kwenye kuni zinataka joto la kama nyuzi 600 zipate kuwaka vizuri, na zisipowaka zinapaa na pesa zako. Na moshi ukipita kwenye dohani ukiwa chini ya nyuzi 120 hivi, mvuke na lami vinagandamana ukutani mwa dohani. Lami hiyo siku moja inaweza kushika moto. Kwa mtaa wenye mapaa ya makuti, sina haja ya kumalizia sentensi hiyo.

Mzee hakuacha mkono wake, ila alibadilisha saa ya kuacha kuchochea, na sasa kuni zake huzianika chini ya paa kabla ya kuzitumia. Mzigo wa kuni unamchukulia siku nyingi kuliko kabla. Sitakupa asilimia, kwa sababu tanuri moja si utafiti. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma kijana kwa jirani yake.

Kuna wasomaji watakaoniuliza, je, huku si kuwapamba watu wabaki na kuni na moshi wao? Swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kipimajoto hakiondoi moshi. Wala hakiwezi kunusa kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliojifungia na moto. Dirisha lazima liwe wazi na dohani lazima isafishwe, kipimo kiwepo kisiwepo. Lakini anayechoma kuni chache na kavu huvuta moshi mchache leo, huku gesi ikiendelea kungojewa. Nani amesema msaada wa leo unaizuia neema ya kesho?

Linalonisumbua zaidi ni namna miradi ya mapishi safi inavyohesabiwa. Huhesabiwa majiko yaliyogawiwa, mitungi iliyotolewa na picha zilizopigwa. Ni mara chache sana mtu hurudi baada ya miezi sita kupima kama kuni zimepungua kweli, au kama lile jiko jipya limegeuzwa kiti cha kuku. Kisichopimwa hakina hesabu, na kisicho na hesabu hakina wa kuulizwa.

Kaunti zetu hazina kisingizio hapa. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta zote zina vyuo hivyo, na ndani yake mna vijana wanaofundishwa umeme kwa kuchora saketi ubaoni. Wapeni kazi ya kweli. Kila darasa litengeneze vipimajoto kumi, livifunge kwenye matanuri na jikoni za shule zilizo karibu, kisha lirudi kila mwezi kuandika joto na kuni zilizotumika. Gharama yake ni ndogo kuliko ya hema na viti vya uzinduzi mmoja wa mradi. Kaunti itapata takwimu zake yenyewe, na kijana atapata ufundi wa kuuza, maana kipimo hicho hicho kinafaa kwenye matanuri ya kaukau, ya kukausha samaki na ya chokaa.

Na hata siku gesi itakapofika kwa wote, inshallah, kazi hiyo haitapotea. Kaunti iliyozoea kupima moto wa kuni itajua pia kupima kama mtungi unamsaidia mwananchi au unamfilisi. Kwa sasa, mwenye tanuri mwenye kijana mwerevu nyumbani asingoje mkutano mwingine wa Paris. Aanike kuni zake, atafute waya wa aina ya K, na kabla ya kutia kuni nyingine alitazame tanuri lake lina joto kiasi gani.