Kicheko kisichomuuliza mtu hali

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wachekeshaji wanene yamesifu vituko vyao bila kugusa maisha yao nje ya jukwaa. Mchukulieni Mmarekani Chris Farley. Mwaka 1990, katika kipindi cha vichekesho cha televisheni, Saturday Night Live, alicheza kifua wazi kando ya mwigizaji Patrick Swayze, wakigombea kazi ya kunengua mbele ya wanawake. Farley alijimwaga kwa wepesi wa ajabu, tumbo likitikisika, ukumbi ukaangua kicheko. Kisha waamuzi wakamweleza kwa upole kwamba kazi anapata mwenzake, kwa kuwa mwili wake yeye umejaa mafuta. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho chenyewe! Mimi kinaniuma hadi leo.

Mtu huyo alihangaika na ulaji wa kupindukia, pombe na dawa za kulevya, akaingia tiba mara nyingi. Hakuwahi kuoa. Desemba 1997 dawa hizo zilimuua akiwa nyumbani kwake Chicago, na miaka 33 tu.

Hapa kwetu pia tunao wanaoitwa "bonge" kila wapitapo. Mnapowahoji, tafadhali waulizeni na hili: jioni, kazi ikiisha, wanakula na nani?

Msomaji wenu,
Tanga