Ramani ya mmomonyoko iwafikie wafugaji wa Mara

KORONGO katika malisho ya Musoma, Bunda au Butiama halianzi likiwa korongo. Huanza kama njia ya ng'ombe kwenda majini. Mvua zikipita inakuwa mfereji, na baada ya miaka michache hata mkokoteni haupiti. Kufikia hapo, kuliziba ni gharama ambayo kijiji hakiiwezi.

Wataalamu wa ardhi wanao utaratibu wa kukadiria hatari hiyo mapema. Huangalia mambo matano: nguvu ya mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, majani yanayofunika ardhi, na hatua za kuhifadhi udongo kama vile makinga maji. Majani hupimwa kwa picha za setilaiti. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutoa picha hizo bure, na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10. Hivyo ndivyo hupatikana ramani ya mahali udongo utakapoondoka, kabla haujaondoka.

Mvua, udongo na mteremko hatuwezi kuvibadili. Majani tunaweza. Mwisho wa kiangazi mifugo huwa imekwisha kula nyasi na kwato zimesaga udongo, ndipo mvua za vuli zinapoanza. Maji hubeba tabaka lenye rutuba kuelekea mitoni na Ziwa Victoria. Hasara si ya mfugaji peke yake. Ng'ombe akifika mnadani amekonda, mchinjaji na muuza maziwa nao wanaumia.

Maoni yangu ni kwamba ramani ya namna hii isifungiwe ofisini. Kwanza, inahitaji kukaguliwa na wafugaji wenyewe. Setilaiti huona kijani, lakini chini ya kichaka kisicholiwa ardhi inaweza kuwa tupu. Aidha, njia nyembamba ya ng'ombe ni rahisi kuikosa katika picha, ilhali wachungaji wanaijua.

Pili, wafugaji wakisikia ramani huhofia kuhamishwa, na hofu hiyo ina historia. Mwaka 1979 Serikali iliondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Uoto ulirudi, lakini wenye mifugo ndio waliobeba mzigo. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifuata njia nyingine. Uliimarisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili itumike kiangazi. Hiyo ndiyo ya kuigwa Mara: maeneo ya hatari yafungwe kwa zamu, ng'ombe wakibaki kijijini.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuandaa mpango, na mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Basi halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zipeleke ramani kubwa ya karatasi, kwa Kiswahili, katika mikutano hiyo kabla ya vuli. Wanakijiji waamue wapi pafungwe na kwa muda gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa korongo hakuna mfugaji wa kawaida anayeweza kuujenga.