Tabibu wa Mifugo na Amana ya Elimu



Wasomaji wetu wapenzi, miongoni mwa kazi tunazozifaidi bila kuzitaja imo ya msaidizi wa daktari wa mifugo. Ndiye afikaye zizini alfajiri, mkoba begani, akachanja ndama, akasafisha jeraha la punda, akamsaidia mbuzi aliyeshindwa kuzaa. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2011 yamtaka awe amesomea kazi hiyo na kusajiliwa kabla ya kuifanya. Sharti hilo si geni kwetu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mwenye kutibu naye hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta.

Lakini mtu mmoja hawezi kufika kila nyumba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake ni kufunza, na wanafunzi wake wengi ni akina mama, kwani kuku na mbuzi wa nyumbani wako mikononi mwao.

Somo la kwanza huwa ni kideri, maradhi yawezayo kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Hayana dawa, bali yana chanjo: tone moja katika jicho la kuku mzima, kisha kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi. Na kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekwi siku nyingi, majirani hukubaliana siku moja ya kuchanja. Mama aliyefunzwa kuliweka tone hilo huwafaa wenzake wote.

Somo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa lagusa riziki. Ng'ombe akidungwa antibayotiki, sehemu ya dawa hutoka katika maziwa. Kila dawa ina idadi ya siku, imeandikwa katika kibandiko chake, ambazo maziwa hayo hayafai kunywewa wala kuuzwa. Na kuyachemsha hakutoshi kuiondoa dawa. Mama mwenye ng'ombe mmoja huuliza, "Mwanangu, siku zote hizo tutakula nini?" Ni swali la haki, na mwalimu mwema halipuuzi. Humfundisha kuuliza idadi ya siku kabla ya sindano, si baada yake. Humwonyesha kuosha mikono na chuchu kabla ya kukama, ili ugonjwa wa kiwele upungue na sindano zenyewe zipungue. Hata hivyo hamfichi kuwa hasara ipo. Atakayeyanywa ni mtoto wa jirani, na viini vilivyozoea dawa hurudi kuwasumbua watu hospitalini. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji. Maziwa yenye dawa iliyofichwa yana tofauti gani na rundo lile?

Somo la tatu ni mpaka. Mwanafunzi hufunzwa ayawezayo, na hufunzwa pia pa kusimama. Mnyama akifa ghafla, damu ikamtoka puani au nyuma, asipasuliwe wala kuchunwa, kwani huenda ni kimeta, nacho huambukiza binadamu. Aitwe mtaalamu upesi. Nyamafu tumekwisha kuharamishiwa. Hapa tunaona na afya ikihifadhiwa kwa katazo hilo.

Basi, dada zangu, mtaalamu huyo afikapo mtaani, msimwachie sindano peke yake. Mkaribisheni, mkae, mumwulize: dawa hii ni ya nini, siku ngapi, na dalili gani nikiiona nikuite? Elimu yenye manufaa ni katika yale matatu ambayo thawabu zake hazikatiki mja akifa. Kuku aliyepona mwakani kwa mkono wa mwanafunzi wake huenda yakaandikwa katika daftari la mwalimu, nasi tukashiriki kwa kujifunza na kufikisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe Vyake na uaminifu katika biashara zetu. Amin.