Swichi ndogo kuliko unywele, na kwa nini hunasa ghafla

Msikilizaji, simu ikizimika ghafla, ulichokuwa unaandika kinaweza kupotea, kwa sababu kumbukumbu yake ya kufanyia kazi hutegemea umeme muda wote. Mwaka 2000, Charles Lieber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipendekeza njia nyingine: kumbukumbu ya mirija ya kaboni yenye upana wa nanometa chache. Unywele mmoja una nanometa 80,000 hivi.

Inafanyaje kazi? Sugua kalamu ya plastiki kwenye nywele, itavuta vipande vya karatasi. Ndivyo mrija wa juu unavyovutwa na wa chini ukipewa volti. Wenyewe hukaza kurudi, kama upinde.

Tatizo ni hili: nafasi ikipungua, mvuto wa umeme hukua haraka kuliko nguvu ya kurudi. Katika mfano rahisi wa bamba lililoshikwa na springi, likivuka theluthi moja ya nafasi, hujibamiza upande wa pili.

Kunasa huko kuna faida. Mirija ikigusana, mvuto wa molekuli huishikilia hata umeme ukikatika, na kumbukumbu hubaki. Lakini mvuto ukizidi, swichi haifunguki tena. Na mirija ikitofautiana kidogo tu kwa urefu au unene, volti ya kunasa hubadilika.

Kumbukumbu ya simu inahitaji mabilioni ya swichi zinazofanana. Kwa hiyo kazi kubwa ya wahandisi si kuzuia kunasa, bali kuhakikisha kila swichi inanasa na kuachia inapoamriwa.