Mir Haikuwa Mkweche

Barazani ikizuka habari ya mambo ya angani, aghalabu mazungumzo huanzia pale pale: nani aliyetangulia? Warusi walirusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957. Wakampandisha Yuri Gagarin tarehe 12 Aprili 1961, akaizunguka dunia na kurudi kwa dakika 108. Wamarekani nao wakatia mguu mwezini mwaka 1969. Basi watu huhesabu mabao kama mechi ya kandanda, na ikitajwa Mir, kile kituo cha Warusi kilichokaa angani miaka 15, wote hucheka. Ule mkweche! Ule uliokuwa ukiwaka moto na kuvuja!

Mimi nasema wanaocheka hawajafikiri chombo ni kitu gani.

Neno lenyewe limo vinywani mwetu. Sisi watu wa pwani tukisema chombo, bila ya kuongeza neno, twakusudia jahazi. Magazeti ya Kiswahili yalipotafuta jina la kile kielea-juu cha Warusi yalichukua neno lilo hilo, yakasema chombo cha angani. Sasa nakuuliza, msomaji: ni mzee gani wa Lamu umemsikia akikisifu chombo kwa siku kilipoteremshwa majini? Siku hiyo ni ya ngoma na pilau. Chombo hutazamwa baada ya kaskazi kumi na kusi kumi, kimepigwa kalafati mara ngapi, kimepakwa deheni na nani, na mabaharia wake wamerudi wangapi.

Katika hesabu hiyo ya mwisho Warusi walilipa sana. Tarehe 19 Aprili 1971 walikirusha Salyut 1, kituo cha kwanza duniani cha watu kukaa angani. Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikaa humo wiki tatu. Wakati wa kurudi, tarehe 30 Juni, vali moja ndogo ya hewa ilifunguka wangali juu mno. Hawakuwa wamevaa mavazi ya kuhifadhi hewa, kwa kuwa chumba cha Soyuz kilikuwa chembamba, hakikutosha watu watatu pamoja na mavazi hayo. Parachuti ilifanya kazi yake barabara. Chombo kilitua salama, waliokuja kuwapokea wakafungua mlango, wakawakuta maiti. Tangu hapo hakurudi mtu bila ya vazi, na kwa miaka kadhaa Soyuz ikachukua watu wawili tu.

Wala siwatetei kwa kila jambo. Walikuwa na ugonjwa wa kuficha. Sergei Korolev, fundi aliyeisimamia Sputnik na safari ya Gagarin, mtu aliyewahi kufungwa mwaka 1938 na kupelekwa Kolyma, hakutajwa jina hadharani mpaka alipokufa Januari 1966. Hilo la jina ni la heshima. La Valentin Bondarenko ni la roho. Kijana huyu wa miaka 24 alikuwa akijifunza uanaanga, akaungua Machi 1961 ndani ya chumba kilichojazwa oksijeni nyingi, baada ya kipande cha pamba chenye spiriti kuangukia jiko la umeme. Habari yake ilitoka magazetini kwao mwaka 1986, robo karne nzima baadaye. Kati ya miaka hiyo, Januari 1967, Wamarekani watatu waliungua ndani ya Apollo 1, nao wamezungukwa na oksijeni tupu. Siwezi kusema kuwa kifo cha kwanza kingewaokoa wale watatu. Lakini bahari ni moja, na nahodha aliyekwisha kupasua chombo mwambani akanyamaza, watu wa pwani wana jina la kumwita.

Pamoja na hayo, niletee ushujaa wa kufika mwezini, nami nitakuletea Salyut 7.

Februari 1985 kituo hicho kiliacha kujibu. Hakikuwa na mtu ndani. Kilikuwa kikizunguka dunia kimezima kama nyumba ya mahame. Juni mwaka huo wakapelekwa wawili, Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh. Desturi ni kituo na chombo kuzungumza kwa mitambo na kujongeleana vyenyewe. Safari hii upande mmoja ulikuwa bubu. Dzhanibekov alikiongoza chombo kwa mkono, akikisia kwa jicho na kwa kipimo cha masafa cha kushika mkononi, mpaka akakifunga gatini. Ndani mlikuwa giza na baridi ya barafu. Kuta zimeota theluji, maji ya kunywa yameganda, nao wakafanya kazi wamevaa kofia za sufi.

Kosa lilikuwa dogo la kuudhi. Kipimo cha betri kiliharibika kikashikilia kusema zimejaa, basi umeme wa jua ukakatwa usiziingie, zikaisha. Wale wawili wakaunga nyaya kwa mikono ili mabawa ya kunasa jua yazilishe betri moja kwa moja, na wakatumia injini za Soyuz yao kukigeuza kituo kizima kilielekee jua. Taa zikawaka. Barafu ikayeyuka, maji yakaenea kila mahali, wakayafuta kwa matambara. Mabingwa hao wa elimu ya anga, kazi yao ikawa ile ya baharia anayefua maji ngamani!

Mir iliyorushwa tarehe 20 Februari 1986 ilirithi ufundi huo. Ilikusudiwa kukaa miaka mitano. Ndani yake Sergei Krikalev alikaa mpaka Machi 1992, na nchi iliyompeleka ikavunjika yeye yuko juu. Mwaka 1997, ule wa vicheko, kulizuka moto mwezi wa Februari, na Juni ikagongwa na chombo cha mizigo, hewa ikaanza kutoka. Waliokuwamo waling'oa na kukata nyaya zilizopita mlangoni, wakakifunga chumba kilichotoboka, wakaokoka. Hakufa mtu hata mmoja ndani ya Mir. Ilishushwa baharini Pasifiki ya Kusini tarehe 23 Machi 2001, kwa hiari ya wenyewe.

Na jamaa yake yuko juu hadi leo. Zvezda, iliyoundwa kwanza iwe kiini cha Mir ya pili, ilirushwa Julai 2000 na kuungwa na kituo cha kimataifa. Sasa imezeeka, imeingia nyufa. Mwaka 2020 hewa ilikuwa ikivuja na mitambo haikuonyesha ni wapi hasa. Wakafunga milango, wakaachia majani ya chai yaelee chumbani, wakaweka kamera. Walipotazama picha, majani yalikuwa yamekwenda taratibu, yakakusanyika penye ufa.